Mwaka wa Sahani Nyeupe

Akinyi alipowekewa sahani yake aliitazama, akaizungusha kidogo kwa kidole, akainua uso na kuniuliza kama huko jikoni chakula kimewaishia. Tulikuwa tumekaa kwenye mkahawa mpya wa Kifaransa, hapa hapa Muscat, mtaa wa Hail karibu na bahari, wanawake wawili ambao magoti yanatuuma tukipanda ngazi, na mbele yetu palikuwa na sahani mbili pana, nyeupe. Katikati ya kila sahani kulikuwa na kipande cha samaki, majani matatu, njegere chache zilizopangwa moja moja, na mstari wa rojo la kijani. Meza ya pili yake vijana walikuwa wamesimama kupiga picha chakula chao. Mimi sikupiga picha. Niliufuata ule mstari kwa jicho mpaka nikapaona pale mkono wa mpishi uliposita, na nikafurahi kwa uovu kidogo, kwa sababu mistari kama ile niliichora mwaka mzima na mkono wangu haukusita.

"Hivi ndivyo tulikuwa tunawapea watu?" Akinyi akauliza.

"Ndivyo hivi. Ila sisi tulikuwa tukifanya uzuri zaidi."

"Na walikuwa wanashiba?"

"Hata siku moja."

Alicheka mpaka mhudumu akaja kutuuliza kama kuna tatizo. Nilikuwa sijamwona tangu arudi kwao Kisumu, ambako alifungua hoteli ya samaki na ugali, akalea watoto, akazeeka vizuri. Bintiye ni muuguzi hapa Muscat, amejifungua juzi juzi, na Akinyi amekuja kumsaidia. Ananiambia mjukuu hana shida, shida ni mama wa mtoto, hataki kula uji. Tulikaa pale mpaka chai, tukazungumza mambo ya wagonjwa na mambo ya watoto, lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa nimerudi kwenye chumba kimoja kirefu kisicho na dirisha, kwenye mwaka ambao nusura nizuiwe kufanya kazi ambayo baadaye imenilisha na kunipa jina. Mpaka leo nikiukumbuka mwaka ule navuta pumzi kwanza, kama mtu aliyevuka barabara bila kuangalia akafika salama.

Habari za ukoo wetu sitaziandika. Husimuliwa upya kila harusi, na kila harusi zinaongezeka. Inatosha kusema kwamba baba alikuwa hayupo, kwamba tuliishi mtaa wa Mawaleh, mimi na mama na bibi, na kwamba mambo yote mazito ya nyumba ile yaliamuliwa na Mjomba Nassor, kaka yake mama. Alikuwa mtu wa wizara, mpole, msafi, kanzu yake haina kunjo, na hakuwahi kunipandishia sauti hata mara moja. Ningependa mara nyingine angepandisha, maana mtu anayenyamaza humjui yuko upande gani.

Hoteli moja kubwa ilikuwa ikichukua vijana wa Kiomani kwa mafunzo ya mwaka mmoja, na mimi nilipangiwa mapokezi. Mjomba alilikubali hilo bila maneno mengi. Kukaa nyuma ya meza na kuwapa watu funguo za vyumba ilikuwa kazi inayoelezeka. Sikukaa mapokezi hata nikazoea kiti. Msichana mmoja wa ofisini alikuwa anaolewa, akaniomba nimtie hina, na kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa mbali tukaifanya kwenye chumba cha kulia wafanyakazi, saa ya mapumziko. Nilikuwa nachora ua la kiganja, kwa koni ile ya plastiki tunayoikunja wenyewe, alipopita mpishi mkuu na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa Mfaransa, jina lake Lucien, mrefu, masikio makubwa, na wote tulimwita Shefu. Alisimama nyuma yangu mpaka kahawa ikapoa. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake cha puani, kama ninaweza kuchora hivyo hivyo kwa mchuzi.

Wiki iliyofuata nilikuwa jikoni. Mama nilimwambia ukweli, na mama alimwambia mjomba nusu yake: kwamba nimehamishiwa "upande wa chakula". Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu miezi mingi, kila mtu akilielewa atakavyo.

Jiko lile lilikuwa chini ya hoteli, na ukishaingia hujui tena kama nje ni mchana au usiku. Pembeni yake ndiyo kulikuwa na kile chumba kirefu, chenye meza ya marumaru na taa kali iliyoning'inia juu yake. Pale ndipo sahani zilipopambwa kabla ya kutoka. Ukutani Shefu alibandika michoro yake, kwa sababu hakupika kitu asichokichora kwanza kwa penseli za rangi: duara la sahani, na ndani yake kila kitu mahali pake, mpaka kivuli cha jani. Michoro ilikwenda kwa majira ya kwao. Ya wakati wa miti kuchipua ilikuwa bustani ndogo, karoti changa zimesimama na vijani vyake, figili zilizokatwa nyembamba mpaka unaona taa upande wa pili, njegere, na chini yake zeituni nyeusi zilizosagwa zikawa udongo wenyewe. Ya joto ilikuwa tungule, yaani nyanya, za rangi zote. Ya majani kupukutika ilikuwa uyoga na boga na ndege mdogo aliyebanikwa. Ya baridi ilikuwa nyeupe tupu, samaki mweupe na viazi vyeupe na krimu nyeupe juu ya sahani nyeupe, na tone moja la mafuta ya kijani. Hiyo ndiyo iliyonishinda kuielewa, na ndiyo niliyokuja kuipenda kuliko zote.

Sitadanganya kwamba nilijua mapema. Mwanzo nilijaza. Mkono wangu ulilelewa kwenye nyumba ambayo sahani ya mgeni ikionekana kitako ni aibu ya mwenye nyumba, na kila nilipoona weupe uliobaki niliona uchoyo. Nilitia jani hapa, njegere pale, ua dogo pembeni. Shefu alikuja na kibano chake, kibano kile kile ambacho nyumbani tungetolea mwiba, akaviondoa kimoja kimoja, akafuta ukingo kwa kitambaa chenye siki, akanitazama. Akaniambia kwamba ile sehemu tupu nayo ni chakula, ni chakula cha macho, na mimi nawanyang'anya watu. Nilikasirika sana. Nilikwenda kwenye chumba cha baridi nikasimama katikati ya maboksi ya siagi mpaka meno yakagongana. Lakini siku moja, sijui ya ngapi, niliweka samaki mahali pake, nikavuta mstari wa kijani kwa pumzi moja, na mkono ukasimama wenyewe. Niliona kwamba nikiongeza chochote nitaharibu. Ilikuwa furaha ambayo sikuwa naijua, na nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kumwonyesha.

Mtu huyo alikuwa Akinyi. Alikuwa upande wa michuzi, mwanamke wa Kikristo mwenye msalaba mdogo chini ya koti la kazi na sauti iliyosikika mpaka ghalani. Michuzi mingi ya Shefu ilitiwa mvinyo, na mimi sikuigusa, lakini mtu hawezi kuchora kwa rangi asiyoijua. Basi Akinyi aliniwekea mizani ya maneno. Alionja, akafumba macho, akanieleza.

"Hii ni kali mbele, halafu inakuwa tamu, halafu inaisha haraka," aliniambia. "Usiweke mingi karibu na samaki, itammaliza. Weka mbali kidogo, mtu aichovee mwenyewe."

"Nzito au nyepesi?"

"Nzito kama uji wa mgonjwa. Songa, wewe, unanizuia moto."

Mwaka mzima nilichora kwa ulimi wa Akinyi, na hakunidanganya hata mara moja. Yeye naye hakupenda ndizi mbivu kwenye chakula cha chumvi, na akiniona nazo alisema watu wa pwani mna mambo. Mchana tulikula pamoja kwenye ngazi za nyuma, wali wangu na sukuma wiki yake, na tukamsema Shefu kwa Kiswahili akiwa amesimama pale pale.

Kilichonichekesha zaidi ni kalenda ya Shefu. Nje ya hoteli lami ilikuwa inalainika kwa jua, na Shefu yuko chini anatupangia sahani ya majani yanayopukutika, majani yenyewe yametengenezwa kwa boga. Majira ya kuchipua aliyangoja yafike kwao ndipo ayaruhusu yafike kwetu, na mboga zikaja kwa ndege. Kumbe mimi kila nikipita soko la Mawaleh, wakati ule soko kubwa bado liko pale kabla halijahamishwa, naona karoti changa na figili na kotmiri zimejaa kwenye malori katikati ya miezi ya baridi. Huku kwetu mche huota jua likipoa. Nilimwambia. Alinisikiliza kwa adabu, akasema Januari ni mwezi wa sahani nyeupe, basi. Ndege ilipochelewa mwaka ule alinituma Mawaleh kimya kimya, na bustani aliyoipika siku ile wageni waliisifu. Hakulizungumza, nami sikulizungumza, ila tangu siku hiyo alianza kuniuliza sokoni kuna nini.

Miezi ya baridi ndiyo mafunzo yalikuwa yanakwisha. Shefu alinitaka nibaki. Hoteli ilinipa nafasi ya kudumu, na wakaniambia wanataka jibu kabla ya Jumapili, kwa sababu kuna mwengine anayengoja. Kwa karatasi ningeweza kutia saini mwenyewe. Kwa nyumba yetu hilo lisingewezekana, au tuseme lingewezekana na baada yake nisingeweza tena kumtazama mjomba usoni, na mimi mjomba nilikuwa nampenda. Kwa hivyo mama alimwita akamweleza ile nusu iliyobaki. Mimi nilikuwa kwenye korido, nimeshika kikapu cha nguo nilichokuwa sina sababu ya kukishika.

"Mpishi," alisema mjomba.

"Si mpishi hivyo. Anapamba."

"Anapamba chakula."

"Eee."

Mjomba akasema, "Mimi namuona anatoka na giza anarudi na giza, sijui anafanya nini. Kule siwezi kwenda kula, wewe unajua kuna nini kule. Mwambie apike hapa. Ijumaa, tukitoka msikitini. Nami ntamjibu siku hiyo hiyo."

Sikulala vizuri usiku ule wala uliofuata. Nilijiambia anataka kuona ujuzi wangu, basi nitamwonyesha ujuzi wote. Akinyi alibadilisha zamu aje kunisaidia. Alhamisi tulikwenda Yiti, kijiji cha wavuvi, kwa gari la kuazima, tukanunua chewa mzima aliyekuwa bado anang'aa, na tukarudi kupitia Mawaleh kuchukua mboga. Mchuzi niliutengeneza upya bila mvinyo, kwa ndimu na maji ya komamanga, na kwa mara ya kwanza mwaka ule niliuonja mwenyewe. Akinyi naye akaonja, akatikisa kichwa akisema ule wa hoteli umeshindwa. Nilikuwa nimeazima sahani kubwa nyeupe kwa Shefu. Alinifungia mwenyewe kwa magazeti, akaniambia nisisahau kuzipasha moto.

Chumba chetu cha kulia kilikuwa kidogo, zulia jekundu, mito kando ya ukuta, na dirisha dogo la kupitishia vyombo kutoka jikoni, lenye pazia. Hatukuwa na meza. Watu walikaa chini kuzunguka kitambaa, sinia likawekwa katikati, na kila mtu akala upande wake kwa mkono. Ndivyo tulivyokula siku zote, na kwa sababu ndivyo siku zote, hata sikulifikiria. Yaani nilifikiria joto la sahani, nilifikiria karoti isimame, nilifikiria mstari wangu. Mjomba alipotoka msikitini akakaa na mama na bibi, mimi nilipeleka sahani tatu, nikamwekea kila mmoja yake mbele yake, nikarudi jikoni kwa Akinyi kusubiri nyuma ya pazia. Zilikuwa nzuri. Nasema kwa haki: sikuwahi kutengeneza sahani nzuri kuliko zile. Bustani nzima ya Januari, na katikati chewa mweupe, na kando yake weupe uliotulia.

Sikuona mtu anayekula. Walisema bismillahi, wakakaa mikono juu ya magoti. Nilidhani wanastaajabu. Muda ukaenda, nikajua wanangoja sinia lije. Bibi ndiye aliyeanza.

"Kuna mgonjwa?" aliuliza.

"Hakuna mgonjwa, mama," mama alisema. "Kula. Ndo mapishi yao."

"Mie nshakula ile karoti. Nzuri. Ila ilikuwa moja."

Nyumbani kwetu, na sidhani ni kwetu tu, mtu anayepakuliwa peke yake ni yule mwenye homa, au yule aliyegombana na wenzake. Mimi nililijua hilo tangu sijajua kusema. Mwaka mmoja chini ya ile taa ulikuwa umenisahaulisha. Kisha nikamsikia mjomba, sauti yake ile ile ya upole.

"Mimi sina ugomvi na kazi, Moza," alimwambia mama. "Kazi ni kazi. Na mvinyo najua haushiki, mtoto yule namjua. Nnachoogopa ni kuwa atakuja kutuona sisi washamba. Na ndo hivi, kashaanza. Angalia. Kanitenga na sahani yangu, mie n'na nini? N'na maradhi ya kuambukiza?"

"Labda kasikia una sukari," bibi akasema.

"Sukari haiambukizi, mama."

Mama hakucheka. "Hakukusudia, Nassor."

"Nnajua hakukusudia. Angekusudia nisingeogopa."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Mwaka mzima nilijitayarisha kujibu maswali ya mvinyo, ya wanaume, ya saa za kazi. Hili sikulitarajia, na lilikuwa kweli kidogo. Nilikuwa nimeanza kuona sinia letu fujo. Nilimwambia Akinyi kwa sauti ndogo kwamba basi, imekwisha, nitarudi mapokezi.

Akinyi alikuwa amesikia yote. Alinitazama nilivyokaa, akapangusa mikono.

"Huyo mzee hajakataa kazi," alisema. "Anasema anataka kula na wewe. Kwani hiyo ni ngumu? Inuka. Sinia iko wapi?"

"Chakula hakitoshi. Samaki nimemkata vipande."

"Na hii ni nini?"

Alikuwa amefunua sufuria nyuma ya jiko, iliyofunikwa kwa taulo. Mama, mwanamke mwenye akili, alikuwa amepika wali alfajiri bila kuniambia, mwingi, mweupe, kwa tahadhari tu. Niliutazama ule wali, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi mpaka chini. Ulikuwa mweupe kuliko sahani za Shefu.

Niliingia ndani nikasema nawaomba radhi, nimekosea kidogo, nikachukua zile sahani. Mjomba alinipa yake kwa mikono miwili. Jikoni Akinyi alikuwa ameshamimina wali kwenye sinia kubwa, nami nikautandaza kwa mgongo wa upawa mpaka ukawa sawa, weupe mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Chewa mzima nilimrudisha katikati, vile vipande nilivyovikata mraba pamoja na minofu minene iliyobaki mfupani, ambayo kwa desturi ya Shefu haikuwa na mahali. Karoti nilizisimamisha kwenye wali, figili, njegere, majani, mbele ya kila mtu sehemu yake. Kisha nikachukua rojo la kotmiri nikalitia kwenye koni, koni ya hina, na nikavuta mstari mmoja uliozunguka sinia zima, ukipita mbele ya bibi na mbele ya mama na mbele ya mjomba bila kukatika, na ndani yake matone ya komamanga. Niliacha pahala patupu pengi. Tofauti ni kwamba pahala pale patupu palikuwa pa kuliwa.

"Sasa hiyo ni chakula," Akinyi akasema, akanishikia mlango.

Bibi alipoliona sinia alisema mashallah kwa kuvuta. Mjomba aliliangalia pande zote, akainama kidogo kuufuata mstari. Halafu hakutia mkono. Alitazama mlangoni nilipokuwa nimesimama.

"Wewe unakula wapi?" aliniuliza.

"Jikoni, mjomba. Nikimaliza."

"Njoo ukae."

"Na mgeni wako naye?" bibi akadakia. "Anakula peke yake huko kwani yeye paka? Mwite."

Mjomba alisogea, tukakaa, Akinyi karibu na bibi, akakunja miguu kwa taabu. Kisha mikono ikaingia. Shefu angezimia. Bibi alifungua pengo kwenye weupe, mama akavunja mstari, karoti ya Akinyi ikaanguka upande wa mjomba, wekundu ukakimbilia kijani, na kila baada ya tonge mchoro ulikuwa mwengine, na kila mwengine niliuona mzuri. Miaka mingi baadaye, nilipomsimulia Shefu, aliniomba nimchoree sinia lile kwenye karatasi. Alilitazama, akasema zuri, lakini macho yatapumzika wapi. Nikamwambia macho yetu hupumzika tukishashiba. Siku ile nilikula nikimtazama mjomba kwa pembe ya jicho. Alikula polepole, kwa adabu yake, upande wake tu. Katikati ya chakula alivunja mnofu mnene wa chewa, akautoa mwiba, akauweka mbele yangu juu ya wali, kama afanyavyo mwenye nyumba kwa mgeni anayemheshimu. Kisha akamfanyia vile vile Akinyi.

Bado sikuthubutu kushangilia. Mjomba alikuwa mtu wa heshima, na mtu wa heshima humwekea mnofu hata yule anayekwenda kumkatalia. Akinyi alirudi jikoni kuosha vyombo. Mimi nilileta tende na kahawa, nikammiminia cha kwanza, akanywa, cha pili, akanywa, cha tatu akakitikisa kikombe kwamba basi. Mama alikuwa anaokota punje za wali kwenye kitambaa, moja moja, punje ambazo hazikuwepo.

"Kesho unaingia saa ngapi?" mjomba aliniuliza.

"Saa kumi na mbili, mjomba. Asubuhi."

"Na basi lao linakuchukua wapi?"

"Pale barabara kubwa, penye kituo cha mafuta."

Aliweka kikombe chini. "Mwambie dereva wao asijisumbue kuja. Wewe uwe tayari saa kumi na moja na nusu, ntakupitia mimi. Na hilo karatasi lao la kutia saini lichukue, tulisome sote njiani."

Nikasema haya, mjomba. Nikachukua sinia tupu, nikaingia jikoni, na machozi yakanitoka mpaka sioni. Akinyi aliacha bomba linamwaga maji.

"Amekataa?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Sasa unalia nini?"

"Ananipeleka," nikamwambia. "Kesho ananipeleka mwenyewe."